Sehemu C: Kuondoka kwa Mgeni

Shahada yangu ni ya Usimamizi wa Ukarimu na Biashara ya Kimataifa. Jina hilo halikutosha mstari mmoja kwenye cheti, wakaligawa mistari miwili, na baba alipowaambia watu wa Gurei, mtaa wetu wa Juba, nilichosomea alitaja mstari wa pili tu. Biashara ya kimataifa aliielewa. Alikuwa dereva wa lori miaka mingi, kati ya Koboko na Yei na mpaka wowote uliokuwa wazi wiki hiyo. Ukarimu ndio uliomshinda. Hakuona mtu anaweza kufundishwa nini hapo kwa miaka minne, na siku nilipomweleza kwamba hotelini mgeni akiondoka hupewa karatasi ya malipo, aliuliza mgeni huyo huwa amefanya kosa gani.

Nilijiandikisha mwaka mmoja na nusu kabla ya uhuru, katika tawi la chuo lililokodi ghorofa moja Thongpiny, juu ya duka la jenereta. Chuo chenyewe kilikuwa nchi jirani, na kitabu cha mwongozo kilitoka huko kikiwa kimekamilika, bila kujali kinatua wapi. Ili kuhitimu, mwanafunzi alitakiwa afaulu Kifaransa, Utangulizi wa Mvinyo, Usafirishaji wa Bidhaa kwa Bahari na mengine mengi, kisha amalize saa mia nne za mafunzo ya vitendo hotelini. Mvinyo tulisomea kwa juisi nyekundu ya karkade, kwa sababu wenye chuo walikuwa watu wa kanisa. Tulizungusha glasi, tukanusa, tukaandika kwamba ina harufu ya mwaloni. Hakuna aliyejua mwaloni unanukaje. Kwenye somo la bahari mhadhiri wetu, Mkenya mwenye subira, aliitazama ramani ya nchi yetu ukutani, akaitazama tena, akasema, "Chukulieni mna bandari." Tukachukulia tuna bandari mhula mzima, na mtihani tukaufanya.

Uhuru ulinikuta katikati ya somo la biashara. Mhula wa kwanza, vitunguu vikitoka Khartoum vilikuwa biashara ya ndani. Tukalala, tukaamka na bendera, na vitunguu vilevile vikawa biashara ya kimataifa, mhadhiri akatuambia tufute sura ya tatu ya madaftari yetu. Siku hiyo nilicheza barabarani mpaka kisigino cha kiatu kikang'oka. Nasema hivyo mtu asije akadhani sikufurahi. Nilifurahi sana, nikalia mbele za watu, halafu nikaenda nyumbani nikafuta sura ya tatu.

Nyumbani kulikuwa na ukarimu wa aina nyingine, usio na krediti. Tulikuwa na vyumba viwili vya matofali na rakuba, kivuli cha miti na mikeka uani, na humo ndugu waliorudi kutoka uhamishoni walifikia, wakala, wakapata kazi au wasipate. Binamu mmoja alikuja kwa harusi ya siku mbili akakaa miaka miwili. Baba alimwuliza mambo yote duniani isipokuwa siku ya kuondoka.

Hilo lilikuwa na sababu yake. Tulipokuwa wakimbizi Uganda tulikaa kwa mtu mmoja mwema, na asubuhi moja mtu huyo aliuliza, kwa upole kabisa, tunafikiri tutaondoka lini. Baba alijibu, "Leo." Tukaondoka leo, watoto wanne na sufuria, mvua ikinyesha. Yule mtu alitukimbilia mpaka barabarani akisema hakumaanisha hivyo. Baba akamshukuru kwa yote, akaendelea kutembea. Nilikuwa na miaka saba na nilibeba mwiko. Tangu siku hiyo swali lile halijaulizwa nyumbani kwetu, na sikuwahi kufikiri kwamba mtu wa kuliuliza ningekuwa mimi.

Mafunzo ya vitendo niliyafanya Hai Amarat, katika hoteli ya vyumba thelathini, nusu matofali, nusu makontena yaliyopakwa rangi ya krimu. Msimamizi wangu alikuwa mama Mganda, mnene, aliyevaa saa mbili, moja ikionyesha saa za Juba na nyingine akisema ni ya akiba. Aliamini kwamba mwisho wa dunia utaanzia kwenye kona ya shuka. Kona ilitakiwa ikunjwe nyuzi arobaini na tano, na alikuwa na kipimo cha plastiki, cha wanafunzi wa shule, mfukoni.

"Hii kona iko namna gani?" alikuwa akiniuliza. "Mimi naona kama mutu amelala hapa na ng'ombe. Toa yote. Fanya tena."

Nilifanya tena. Sikumpenda mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili nilianza kukunja kona nyumbani, kwenye kitanda cha wageni cha chumba cha ndani, na baba alisimama mlangoni akitazama kama mtu anayeangalia fundi akirekebisha gari ambalo halijaharibika.

Daftari la mafunzo lilikuwa na kurasa kumi na mbili, kila moja na saini yake. Kufikia Desemba ya mwaka wangu wa mwisho nilikuwa na saini kumi na moja. Ukurasa uliobaki ulikuwa fomu iliyoitwa Mgeni wa Muda Mrefu. Mwanafunzi alitakiwa amhudumie mgeni mmoja kuanzia anapoingia hadi anapotoka, usiku usiopungua kumi, akijaza Sehemu A, Kuwasili. Sehemu B, Mahitaji ya Kila Siku. Na Sehemu C, Kuondoka. Fomu isiyo na Sehemu C ilihesabiwa kuwa haikujazwa. Nilipewa mhandisi wa visima, kawaja, yaani mzungu, mrefu wa chumba cha kumi na nne, aliyepanga kukaa mwezi mzima. Alipenda mayai yaliyoiva sana na alichukia kiyoyozi. Sehemu B yake ilikuwa safi ajabu.

Vita vilianza Jumapili jioni, baba akiwa anakula. Kwanza milio ya risasi ilikuwa mbali, upande wa kambi za jeshi, kisha haikuwa mbali. Tulilala sakafuni siku tatu. Redio ilisema hali ni shwari, na wakati mtangazaji akisema hivyo tulisikia milio ile ile mara mbili, mara moja nje na mara moja ndani ya redio.

Jumatatu adhuhuri fundi cherehani wetu aliruka ua wa nyuma. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini hivi, mwenye kibanda katika soko dogo la Gurei, na ndiye aliyenishonea sketi nyeusi ya hotelini, akaipunguza mara tatu kwa sababu msimamizi wangu hakuridhika. Sijui mtu wa umri ule anarukaje ua wa mabati. Alikuwa amebeba kichwa cha cherehani yake kimefungwa kwenye shuka, na kandambili moja tu mguuni. Wiki hiyo watu walikuwa wakitafutwa nyumba kwa nyumba kwa sababu ya kabila, na yeye alikuwa wa kabila lililokuwa likitafutwa. Sisi ni watu wa Yei. Wiki ile hatukuwa tukitafutwa, na sikuona sababu nyingine ya sisi kuwa ndani na yeye nje.

Baba hakumwuliza chochote. Alimpokea cherehani, akaiweka ndani, akamwonyesha kitanda cha chumba cha ndani. Kisha akatuita wote uani akatoa tangazo.

"Huyu ni dada yangu toka Yei," alisema. "Yeye hapana sikia. Masikio yake ilikufa zamani. Khalas."

Hivyo ndivyo fundi alivyokuwa kiziwi. Ilikuwa akili ya baba: asiyesikia haulizwi, na asiyeulizwa hajibu kwa lafudhi itakayomfikisha pabaya. Tulipokuwa peke yetu tuliongea Kiswahili, kwa sababu alikuwa ameishi Kenya ukimbizini na mimi nilisomea sekondari Eldoret. Mbele za watu alikaa kimya, amejitanda kanga hadi machoni asitambuliwe, akichambua maharagwe. Majirani walikuja, na kwa kuwa walijua hasikii, walisema mbele yake mambo ambayo watu husema mbele ya kuku. Mmoja alieleza jinsi kibanda cha yule fundi wa sokoni kilivyovunjwa na nani alichukua vitambaa. Fundi alitoa jiwe moja kwenye maharagwe, akaliweka pembeni.

Jumatano msimamizi alinipigia simu kutoka hotelini.

"Mugeni yako ameenda," alisema. "Ndege ilikuja kuchukua wao. Alitoka na viatu mukononi."

"Amekaa usiku ngapi?"

"Tisa."

Nilijua watu walikuwa wakifa, na bado nilihesabu upya kwa vidole.

"Huwezi kuandika kumi?" nikauliza.

"Mimi hapana andika uwongo, binti yangu. Hata leo." Nikasikia anavuta pumzi. "Kesho mimi iko napanda basi ya Kampala. Wewe chunga maisha. Na ile kona, usiache."

Nililia baada ya simu ile, na nitasema ukweli, sikumlilia mhandisi. Nilimlilia yule mama na saa zake mbili, halafu nikaulilia ukurasa wa kumi na mbili. Nilikuwa nimetembea miaka minne kutoka Gurei hadi Thongpiny juani kwa ajili ya kurasa zile. Nikampigia mhadhiri. Alikuwa bado Juba, akikusanya karatasi za chuo kwenye masanduku. Angeondoka kwenda mpakani siku ya Ijumaa baada ya Krismasi, saa sita mchana, akibeba madaftari yote ya waliomaliza. Ambaye hajamaliza angerudia mwaka, kama mwaka wenyewe ungekuwepo. Nikamweleza habari ya usiku wa tisa.

"Kitabu kinasema hoteli, hosteli au nyumba ya wageni," alisema. Alikuwa amechoka, nilimsikia. "Mimi kama kuna mgeni, kitanda na fomu, nitakubali. Lakini sehemu zote tatu. Nisaidie na mimi nikusaidie."

Nyuma ya daftari kulikuwa na nakala moja ya akiba ya fomu ile. Niliichana kwa rula.

Sikumwambia fundi, wala baba. Niliona haya kumwambia mtu aliyenusurika kwa kuruka ua kwamba sasa yeye ni zoezi. Niliijaza kwa siri, jikoni, jivu likiangukia karatasi. Sehemu A iliuliza sababu ya safari: biashara, mapumziko, mkutano, nyingine. Nikaweka alama kwenye nyingine. Mizigo: kichwa kimoja cha cherehani. Chumba akipendacho: mbali na barabara. Sehemu B niliijaza kila jioni kwa uaminifu wote niliofundishwa. Chai bila maziwa. Hapendi bamia. Anahitaji utulivu. Shuka nilibadilisha kila siku ya tatu, kona nyuzi arobaini na tano, na yeye alikaa kwenye kiti akitazama mikono yangu.

"Nani alikufunza hii?" aliniuliza siku moja.

"Mama mmoja Mganda."

"Ako na mkono mzuri," akasema. Ni sifa kubwa ikitoka kwa fundi, nami nikaiandika kwenye nafasi ya maoni.

Siku ya sita walikuja askari wawili, mchana, wakiomba maji. Baba aliwapa maji. Mmoja alikunywa akimtazama fundi juu ya ukingo wa kikombe.

"Na huyu?"

"Dada yangu. Hapana sikia."

Askari alizunguka polepole nyuma ya kiti chake, akapiga makofi mara moja, kwa nguvu, karibu na sikio. Mimi nilishtuka mpaka nikaangusha ungo. Fundi hakushtuka. Alitoa jiwe kwenye maharagwe. Baba akamwinamia akampigia kelele usoni kwamba wageni wanataka maji zaidi, akatengeneza kikombe kwa mikono hewani, na yeye akainuka akaenda mtungini kama mtu aliyeelewa mikono tu. Askari wakanywa tena, wakaenda. Baba alikaa chini pale pale kwenye vumbi mpaka jioni. Usiku huo Sehemu B sikuandika kitu, nilishindwa kujua kiandikwe kwenye mstari gani.

Krismasi ilipita kwa wali na kimya. Asubuhi ya Alhamisi, usiku wa kumi ukiwa umepita, kilichobaki ni Sehemu C tu. Tarehe ya kuondoka. Je, mgeni ameridhika? Je, atarudi?

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikubuni tu tarehe. Msimamizi alikuwa ameniharibu. Nilikuwa nimekuwa mtu asiyeweza kuandika kumi mahali pa tisa. Kitabu cha mwongozo kilisema mwanafunzi athibitishe tarehe na mgeni mwenyewe, siku moja kabla, kwa lugha ya staha. Basi baba alipokwenda kutafuta unga, nilimwendea fundi chumbani. Nilisimama kama nilivyofundishwa: hatua mbili kutoka kwa mgeni, mikono nyuma, tabasamu lisiloonyesha meno yote.

"Mama, ungependa kutujulisha unatarajia kuondoka lini?"

Alinitazama. Alikuwa akipitisha uzi kwenye sindano, na uzi ulibaki hewani.

"Kesho," akasema. "Nilikuwa nawaza tu kesho."

"Asante sana, mama."

Nikaenda jikoni nikaandika tarehe ya kesho, kwa wino. Kwenye swali la kuridhika nikaweka alama ya ndiyo. Nilijisikia mwepesi siku nzima, hata nilipika maharagwe kwa kitunguu. Sijui akili yangu ilikuwa imekwenda wapi. Mtu aliyetuuliza swali lile nikiwa na miaka saba nimemkumbuka maisha yangu yote, uso wake, shati lake, na asubuhi ile nilikuwa na tabasamu lake hasa na sikujua.

Ijumaa alfajiri kitanda kilikuwa kimetandikwa. Kona zilikuwa nyuzi arobaini na tano, bila kipimo. Juu ya shuka kilikuwa kichwa cha cherehani, kimepanguswa, sindano mpya imewekwa.

Baba alisimama mlangoni muda mrefu.

"Amelipa," alisema hatimaye. "Mugeni amelipa ndani ya nyumba yangu."

Nikatazama kona za shuka.

"Nani aliongea na yeye?"

Nikamwambia. Nilimwonyesha fomu pia, kwa kuwa nilidhani ingesaidia. Hakuweza kusoma yote, lakini tarehe aliiona. Nilingoja anipige au anifukuze. Lolote lingekuwa afadhali. Alikaa kitini akaanza kufunga kamba za viatu.

"Ulimwuliza," alisema.

"Fomu ilitaka, baba."

"Mimi najua kitu ilitaka. Beba maji."

Aliifunga cherehani kwa shuka, akajitwika begani, tukatoka. Kutoka Gurei mpaka Thongpiny ni mwendo mrefu hata bila chuma begani. Waliokuwa wakitafutwa walikuwa wamekimbilia kambi ya walinda amani ya Thongpiny, karibu na uwanja wa ndege, na kama fundi alifika popote, alifika huko. Mimi nilikuwa na daftari kwenye mfuko, kwani chuo kilikuwa Thongpiny vilevile. Vizuizi vilikuwa vitatu. Kila kizuizi askari alifunua shuka.

"Nini hii?"

"Cherehani."

"Ya nani?"

"Ya dada yangu."

"Yeye iko wapi?"

"Alitangulia," baba alisema mara zote tatu, na kila mara sauti yake ilikuwa ndogo zaidi. Mimi nilitembea nyuma yake nikiangalia kando ya barabara, maana pembeni kulikuwa na vitu ambavyo watu waliacha na vitu ambavyo havikuachwa kwa hiari, nami nilikuwa nikitafuta kandambili. Sijawahi kuogopa vile, hata siku ya makofi. Siku ya makofi halikuwa kosa langu.

Tulifika chuoni saa nne na nusu. Baba alishusha mzigo kivulini.

"Peleka karatasi yako," alisema. "Nangoja."

Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo liliniumiza. Nikapanda ngazi. Mhadhiri alikuwa akifunga sanduku kwa utepe wa gundi, akaninyooshea mkono bila kuinua kichwa.

"Leta. Umemaliza?"

Daftari lilikuwa mkononi mwangu, kurasa kumi na mbili, A, B na C, kila kitu kimejazwa kwa mwandiko mzuri. Mgeni ameondoka leo. Mgeni ameridhika.

"Bado," nikasema.

"Imebaki nini?"

"Sehemu C."

"Kuondoka tu?" Akacheka kidogo, kwa huruma. "Weka tarehe yoyote hapo, nisaini tumalizane."

"Hajaondoka, mwalimu."

Alinitazama, akatazama saa, akasema yeye saa sita hayupo. Nikamtakia safari njema. Nilipoteremka baba hakuuliza kitu, alijitwika tu cherehani.

Kambini tulimtafuta mpaka saa nane, kati ya turubai na sufuria na watu wengi kuliko nilivyowahi kuona mahali pamoja. Tulimkuta kando ya uzio, kaketi juu ya ndoo, akimshonea mwanamke mmoja mkoba kwa mkono. Miguu yote miwili ilikuwa peku. Niliketi chini mbele yake.

"Mama, nisamehe," nilisema. "Baba hakunituma. Hakuna aliyekuchoka. Ni mimi, ni fomu ya shule."

"Fomu gani?"

Nikampa. Aliisoma yote, taratibu, kidole kikifuata mistari. Alipofika kwenye chumba akipendacho alicheka kwa sauti, na wanawake wa jirani wakageuka. Alipofika kwenye sifa aliyompa msimamizi wangu alitikisa kichwa akakubali. Alipofika Sehemu C aliacha kucheka.

"Kwani ulikuwa na fomu?" alisema. "Si ungesema tu! Nikafikiri mzee ameshindwa. Nikasema hawa watu wamepigiwa makofi ndani ya nyumba yao kwa sababu yangu, sasa wameshindwa, na msichana ametumwa na tabasamu."

"Nisamehe."

"Lete kalamu."

Aliikata tarehe kwa mstari mmoja ulionyooka, mstari wa fundi.

"Mimi sijaaga mtu," alisema, akimtazama baba sasa. "Nilitoka tu."

"Basi hujaondoka," baba akasema. "Twende nyumbani."

Alifikiri. Kisha akasema hapana, angekaa pale. Pale analala chini lakini anasikia na masikio yake, na kwetu alikuwa amechoka kuwa kiziwi. Baba alishusha mzigo begani. Akamwekea cherehani miguuni, naye akaisukuma kwake kwa mguu.

"Hapa wataiba. Irudishe. Iweke kitandani kwangu."

"Tamam," baba alisema, na kwa mara ya kwanza tangu alfajiri akapangusa uso.

Tukatembea tena mpaka Gurei, cherehani begani, vizuizi vilevile. Askari wa kizuizi cha pili alitukumbuka. Akauliza kama yule dada tulimpata. Baba akasema tulimpata.

Nilirudia mwaka. Tawi lilifunguliwa tena baadaye, juu ya duka lilelile, na ukurasa wa kumi na mbili niliufanyia mfanyabiashara wa saruji aliyekaa usiku kumi na mbili, akalalamikia mayai na kuondoka tarehe aliyosema ataondoka. Nilipata alama nzuri sana. Msimamizi wangu hakurudi Juba, lakini nilimtumia picha ya cheti kwa simu, naye akaniuliza kwa nini kimening'inizwa upande. Kambi ile ya Thongpiny ilifungwa, watu wakahamishwa, na mtu mmoja alituambia fundi amefika Kenya, mwingine akasema siyo Kenya. Hatujui.

Fomu yake ninayo. Chuo hakina haja nayo. Ina Sehemu A, ina Sehemu B, na C ina tarehe iliyokatwa kwa mstari mmoja.

Ndugu bado wanakuja. Wanalala kwenye rakuba, wanalala jikoni, na wakiuliza kuhusu chumba cha ndani baba anawaambia kuna mgeni. Sasa akitaja shahada yangu hutaja mistari yote miwili. Mara moja kwa mwezi huipaka cherehani mafuta. Kila Jumamosi mimi hubadilisha shuka, nakunja kona, naweka kichwa kile cha cherehani juu yake. Baba husimama mlangoni akitazama. Haniulizi kwa nini nabadilisha shuka ambayo haijalaliwa, nami simwulizi atarudi lini.